Divisheni ya 71, 295, 352 au 707: uifuatilie ipi ukitaka kulielewa jeshi la Hitler?

Anayetaka kulielewa jeshi la nchi kavu la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia hukwamishwa na wingi wa habari. Divisheni zilikuwa mamia, kila moja na namba yake, na maelezo yake mengi yanafanana: iliundwa mwezi fulani, ikapigana mahali fulani, ikasambaratika. Ukisoma ishirini za aina hiyo kwa mfululizo, zote zitachanganyika kichwani. Njia yenye faida ni kuchagua moja ya askari wa miguu na kuiandama tangu kuundwa hadi kufa kwake, ukiuliza kila mahali: nani alitoa amri, nani aliitekeleza, na nani aliumia.

Hapa nalinganisha nne: ya 71, ya 295, ya 352 na ya 707. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ya 71 ina safari ndefu yenye kusisimua, na ya 352 ndiyo rahisi kusoma kwa asiyejua Kijerumani. Lakini kwa anayeanza, mimi namshauri achukue ya 295. Ya 707 inafaa kusomwa pamoja na nyingine yoyote kati ya hizo, hasa na mtu anayedhani mauaji ya raia yalikuwa kazi ya SS, vikosi vyenye silaha vya chama cha Hitler, peke yao.

Kwanza tuelewane divisheni ni kitu gani. Mwaka 1939 divisheni ya kawaida ya askari wa miguu ilikuwa na watu wapatao 17,000: rejimenti tatu za miguu, rejimenti moja ya mizinga, wahandisi wa medani, matabibu, waoka mikate, wachinjaji, watu wa posta, na farasi karibu 5,000. Filamu zimetuzoesha vifaru, ila sehemu kubwa ya jeshi hilo iliingia Umoja wa Kisovieti ikitembea, mizinga na mikokoteni ikivutwa na farasi. Kufikia 1944 divisheni mpya zilikuwa zimepunguzwa hadi watu kama 12,500. Pembeni ya mkuu wa divisheni alikaa mnadhimu wa kwanza, afisa aliyeandaa amri za kila siku. Ukitaka kujua divisheni ilifanya nini hasa, mtafute huyo.

Zilikotoka

Ya 71 iliundwa Hildesheim mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla ya Poland kuvamiwa. Nembo yake ilikuwa jani la klova lenye vijani vinne, ambalo kwa Wajerumani ni dalili ya bahati, na askari wake wakajiona ni watu wa bahati kweli. Ya 295 iliundwa mwanzoni mwa 1940. Hizi mbili zilikuja kuwa majirani: zote zilikuwa chini ya Jeshi la Sita, kundi kubwa la divisheni chini ya kamanda mmoja, na zote zilimalizikia Stalingrad, mji wa Urusi ulio kando ya mto Volga.

Ya 707 ni kitu kingine kabisa. Iliundwa Mei 1941 ikiwa na rejimenti mbili tu, silaha nzito chache, na wanaume wengi wenye umri mkubwa. Haikuundwa ili ivunje mstari wa adui. Kazi yake ilikuwa kushika nchi iliyokwisha kutekwa.

Ya 352 ilizaliwa Novemba 1943 huko Ufaransa, Ujerumani ilipokuwa tayari imeelemewa. Ilijengwa juu ya mabaki ya divisheni zilizovunjika upande wa mashariki, maafisa na masajini waliokwisha kuiona vita ya Urusi, kisha ikajazwa vijana wa miaka 17 na 18. Mnadhimu wake, Luteni Kanali Fritz Ziegelmann, aliwaandikia Wamarekani baada ya vita kwamba hadi Machi 1944 kila askari alikuwa amerusha mabomu ya mkono mawili tu na kufanya mazoezi ya kulenga kwa risasi za moto mara tatu. Weka hilo akilini unaposoma sifa nyingi ambazo divisheni hiyo imepewa.

Kwenye medani

Kama unachotafuta ni safari ya kupanda na kuanguka, ya 71 haina mpinzani kati ya hizi nne. Tarehe 19 Mei 1940 ilimaliza ngome ndogo ya La Ferté, kwenye ncha ya mstari wa Maginot, mlolongo wa ngome za Ufaransa za mpakani. Wafaransa zaidi ya 100 waliokuwa ndani walikufa wote, wengi kwa kukosa hewa. Tarehe 15 Juni askari wake waliingia Douaumont, ngome ya mji wa Verdun huko Ufaransa. Mwaka 1916 Wajerumani na Wafaransa walichinjana miezi kumi kuigombania Verdun, na sasa watoto wa kizazi kile waliipata kwa muda mfupi mno. Ukitaka kujua kwa nini askari wa kawaida wa Ujerumani aliingia Urusi mwaka uliofuata akiamini hakuna wa kumzuia, kaa kidogo kwenye siku hiyo.

Halafu Stalingrad. Septemba 1942 ya 71 ilipenya katikati ya mji, ikapigania kituo kikuu cha reli kilichobadilisha mikono mara nyingi, na kusogea hadi karibu na gati la kuvukia mto Volga. Kaskazini yake kidogo, ya 295 ilikuwa ikiusaga mlima Mamayev, kilima kirefu kinachoutazama mji mzima. Novemba Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, likawazingira wote. Tarehe 26 Januari 1943 mkuu wa ya 71, Jenerali Alexander von Hartmann, alisimama wima juu ya tuta la reli akifyatua bunduki kuelekea kwa Warusi mpaka risasi ikampata. Nafasi yake alishika Fritz Roske, na makao ya Roske yalikuwa kwenye ghala la chini la duka kubwa la Univermag. Humo ndimo Friedrich Paulus, kamanda wa Jeshi la Sita, aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa Fildi Masho saa chache tu kabla, alikamatwa tarehe 31 Januari. Kwa hiyo anayeifuata ya 71 anafikishwa mlangoni mwa chumba ambacho Jeshi la Sita lilikatia roho.

Ya 352 inakupa siku moja badala ya miaka mitatu. Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, ilishika ufuko ambao Wamarekani waliuita Omaha. Miezi michache nyuma sehemu hiyo ilikuwa chini ya Divisheni ya 716, ya askari wasio na usafiri na wenye silaha za kuokoteza. Mwezi Machi ya 352 ilisogezwa karibu na bahari, na Wamarekani wa divisheni za 1 na 29 walipotua walikuta ulinzi mzito kuliko walivyoandaliwa. Lakini tazama upande wa Wajerumani pia. Mkuu wake, Dietrich Kraiss, alikuwa na rejimenti moja ya akiba, ya 915. Usiku ule alipopata habari za askari wa miavuli wa adui aliituma kuelekea magharibi. Kulipopambazuka akaihitaji mashariki, na watu wake wakashinda wakirudi njia ileile chini ya ndege za adui. Kufikia jioni ya 352 ilikuwa imepoteza watu wapatao 1,200 na haikuwa na cha kujaza pengo. Mwanzoni mwa Agosti Kraiss alijeruhiwa, akafa siku chache baadaye, na divisheni yake ilikuwa imebaki jina.

Kuna tahadhari moja kuhusu Omaha. Utasikia habari za mpiga rashasha mmoja aliyesema yeye peke yake aliangusha Wamarekani zaidi ya elfu moja. Wamarekani wote waliokufa, kujeruhiwa au kupotea ufukoni hapo siku hiyo hukadiriwa kati ya 2,000 na karibu 5,000, nao walikuwa wakishambuliwa kutoka ngome nyingi, kwa mizinga na makombora pia. Piga hesabu mwenyewe. Ya 352 imezungukwa na simulizi za namna hiyo, na anayeichagua awe tayari kuzichuja.

Kuhusu ya 707 kwenye medani hakuna mengi. Juni 1944 Jeshi Jekundu lilipofanya shambulio kuu la Belarusi, divisheni hiyo ilikandamizwa karibu na Bobruisk, na mkuu wake wa wakati huo akachukuliwa mateka. Historia yake halisi ilikwisha kuandikwa 1941.

Nyuma ya mstari

Hapa ndipo uchaguzi wako unapoamuliwa, kwa maoni yangu, na hapa ndipo maelezo mengi ya divisheni za Kijerumani yananyamaza.

Agosti 1941 ya 295 ilikuwa Bila Tserkva, mji ulio kusini mwa Kyiv. Wayahudi watu wazima wa mji huo walikuwa wameuawa na kikosi cha SS kilichoandamana na Jeshi la Sita. Watoto wao wapatao 90, wengi wadogo sana na wengine wachanga, walifungiwa ndani ya nyumba moja. Askari waliokuwa wamepiga kambi jirani walisikia vilio usiku kucha. Wakawaambia makasisi wa hospitali ya jeshi, hao wakaenda kutazama, na habari ikapanda hadi kwa mnadhimu wa kwanza wa divisheni, Luteni Kanali Helmuth Groscurth. Tarehe 20 Agosti Groscurth alifika mwenyewe. Alikuta vyumba vichafu, nzi, watoto wamelala au kukaa kwenye uchafu wao, hakuna maji, wengine wakikwangua chokaa ukutani na kuila.

Alisimamisha utekelezaji na kupeleka suala juu, kwanza kundi la majeshi la kusini, kisha Jeshi la Sita. Kesho yake kukawa na kikao. Mkuu wa utawala wa kijeshi wa mji, afisa wa jeshi, si wa SS, alitetea kuuawa kwa wanawake na watoto. Jibu la mwisho likatoka kwa Fildi Masho Walter von Reichenau, aliyekuwa kamanda wa Jeshi la Sita kabla ya Paulus: kazi ikishaanza, imalizwe. Tarehe 22 Agosti watoto wakapigwa risasi na wanamgambo wa Kiukraine walioamriwa na SS.

Groscurth aliandika taarifa. Ndani yake anasema kuwaua wanawake na watoto hakuna tofauti na ukatili ambao jeshi lake linamlaumu nao adui. Reichenau alimkaripia kwa maneno hayo. Lakini taarifa hiyohiyo ina sentensi inayosema watoto wangepaswa kuondolewa mara moja pamoja na wazazi wao, ili mateso yale ya kinyama yasitokee. Huyu alikuwa mpinzani wa Hitler tangu 1938, mtu aliyeondolewa kwenye wadhifa wake mapema 1940 kwa sababu alieneza habari za maovu ya Wajerumani huko Poland. Na bado lugha ya mauaji ilikuwa imeingia kwenye kalamu yake.

Ndiyo maana naiweka ya 295 mbele. Katika siku tatu unamwona askari aliyeshindwa kulala, kasisi, mnadhimu, mkuu wa mji, SS na Fildi Masho, kila mmoja amesimama mahali pake, na karatasi zipo. Huwezi tena kusema jeshi halikujua. Huwezi pia kusema wote walikuwa kitu kimoja. Groscurth mwenyewe alitekwa Stalingrad na kufa kwa homa ya taifasi kifungoni Aprili 1943. Mkuu wa mwisho wa ya 295 huko, Otto Korfes, naye alitekwa, na kifungoni akajiunga na maafisa wa Kijerumani waliotoa wito dhidi ya Hitler.

Kwa ya 707, ushahidi unabeba namba zaidi kuliko sura za watu. Mkuu wake wa 1941, Gustav von Bechtolsheim, alikuwa pia mtawala wa kijeshi wa sehemu ya Belarusi vuli ya 1941. Taarifa yake ya mwezi mmoja inasema waliokamatwa walikuwa 10,940, na kati yao 10,431 walipigwa risasi. Upande wa divisheni walikufa wawili na kujeruhiwa watano. Taarifa inaita kazi hiyo kupambana na waasi wa msituni. Vita gani ya msituni ambayo upande mmoja hupoteza elfu kumi na mwingine wawili? Wengi wa waliouawa walikuwa Wayahudi wa vijijini na mateka wa vita. Bechtolsheim hakuhukumiwa, akafa 1969.

Kwa ya 71, kutokuwa na tukio maarufu kama la Bila Tserkva kusikufanye uione safi. Ilikuwa chini ya Jeshi la Sita katika vita vya Kyiv mwaka 1941. Kyiv ilipotekwa, tarehe 29 na 30 Septemba, Wayahudi 33,771 waliuawa kwenye bonde la Babyn Yar kwa hesabu ya wauaji wenyewe. Bunduki zilishikwa na SS na polisi, lakini matangazo ya kuwaita watu yalichapwa kwenye mitambo ya Jeshi la Sita, na wahandisi wa jeshi ndio waliolipua kingo za bonde baadaye. Msomaji wa ya 71 asiruke kutoka Verdun hadi Stalingrad kana kwamba hapo kati hapakuwa na kitu.

Namba moja, watu wengine

Jeshi la Ujerumani lilikuwa na desturi ya kufufua namba. Ya 71 iliyokufa Stalingrad iliundwa upya Denmark mwaka 1943, ikapigana Italia, ikiwamo Monte Cassino, na kumalizia vita upande wa Hungaria na Austria. Jani la klova lilikuwa lilelile, watu wengi walikuwa wapya. Ya 295 nayo ilifufuliwa 1943, ikapelekwa kulinda pwani ya Norwei hadi mwisho. Ya 352 ilirudi Septemba 1944 kama divisheni ya "grenadia wa umma", jina lililopewa divisheni mpya za miguu za mwisho wa vita, ikaingia Luxembourg katika shambulio la Ardennes mwezi Desemba.

Kwa hiyo ukikuta mtu amesema babu yake alikuwa Divisheni ya 352, uliza mwaka kwanza. Ukikuta takwimu ya waliokufa katika ya 71, uliza ni ya kwanza au ya pili. Kosa hili linajaza mtandao.

Utapata nini cha kusoma, na utaenda wapi

Aprili 1945 mabomu yaliiangukia Potsdam na kuteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya nyaraka za jeshi. Zilizosalimika zipo Freiburg, na zile zilizotekwa na Wamarekani zilipigwa picha kwenye filamu ndogo. Za divisheni zimewekwa katika mfululizo wa T-315. Nyingi ni za Kijerumani, zimechapwa kwa mashine au kuandikwa kwa mkono.

Hapo ya 352 inaongoza. Kumbukumbu ya simu zake za tarehe 6 Juni imebaki, Ziegelmann aliandika maelezo marefu, na mengi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza. Ukiisoma ile kumbukumbu ya simu unaona saa kwa saa jinsi makao makuu yalivyokuwa gizani: asubuhi wanaambiwa adui amezuiwa majini, mchana vijiji vya nyuma ya ufuko vimeshachukuliwa. Na ukibahatika kufika Normandy, unatembea ardhi yenyewe. Ngome iliyoandikwa WN 62 ipo juu ya ufuko, hatua chache kutoka makaburi ya Wamarekani ya Colleville yenye makaburi zaidi ya 9,300. Mwendo mfupi kwa gari ni La Cambe, walikozikwa Wajerumani zaidi ya 21,000.

Kwa ya 71, ghala la Univermag lipo Volgograd, jina la sasa la Stalingrad, na limegeuzwa makumbusho, na Douaumont inatembelewa kila siku. Maandishi mazuri mengi yako kwa Kijerumani na Kirusi. Ya 295 ina shajara na karatasi za Groscurth, zilizochapishwa 1970, na nyaraka za Bila Tserkva zimetafsiriwa mara nyingi katika mikusanyo ya ushahidi wa mauaji ya Wayahudi. Ya 707 ndiyo ngumu kupita zote: hakuna kumbukumbu za wazee wake za kuvutia, na vyanzo vimetawanyika katika majalada ya mahakama na taarifa za utawala wa kijeshi.

Nikupendekezee ipi?

Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi viwili tu achukue ya 352. Siku moja, ufuko mmoja, ramani moja, pande zote mbili zina vyanzo, na wanafunzi watauliza maswali. Ila amalize na wale vijana waliorusha mabomu mawili ya mazoezi, wasije wakaondoka na picha ya mashine isiyoshindika.

Anayependa historia ndefu ya kampeni, mwenye subira ya kusoma wiki nyingi, ya 71 itamshibisha. Asome pembeni historia ya Jeshi la Sita ya 1941, la sivyo ataondoka na ushujaa wa Hartmann peke yake, na kusimama juu ya tuta la reli hakujibu swali la kilichowaleta pale.

Mwanafunzi wa sheria au wa haki za binadamu aende ya 707, na aiweke taarifa ile ya 10,431 mbele yake kila anaposoma neno "waasi" katika ripoti yoyote ya kijeshi.

Wengine wote, na wewe uliyekuja hapa huna uhakika, chukua ya 295. Anza na taarifa ya Groscurth ya tarehe 21 Agosti 1941, uisome yote pamoja na ile sentensi inayochoma, kisha karipio la Reichenau, ndipo uifuate divisheni hiyo hadi mlima Mamayev.